O&OD kijijini: ramani ya majivu ni nzuri, maboma ndiyo yanayokwama

Tangu 2002, vijiji vya Tanzania Bara vimekuwa vikipanga maendeleo yao kwa mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao wengi wanauita O&OD tu. Je, mwanakijiji anayeacha shamba lake kwenda kukaa mkutanoni anapata nini?

Zana bora kuliko zote ni ramani ya kijiji. Huchorwa chini kwa majivu, vijiti na mbegu, ndipo ihamishiwe kwenye karatasi. Pale chini hata bibi asiyejua kusoma huinama akasogeza kijiti: kisima hakipo hapa, kipo ng'ambo ya korongo. Mwezeshaji anayeanza na karatasi na kalamu ataondoka na ramani ya mwalimu na mtendaji. Kalenda ya msimu, inayoonyesha kazi na shida za kila mwezi, nayo ifanyiwe kwenye makundi, wanawake peke yao, maana shida za miezi ya njaa na za kufuata maji mbali hazisemwi zote mbele ya wazee.

Udhaifu wa mfumo wa awali ulikuwa orodha ndefu ya maombi: zahanati, barabara, josho, vyote kwa pamoja, bila kujua ukomo wa bajeti ya halmashauri ya wilaya. O&OD iliyoboreshwa, ya TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa) kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, inaanzia kwenye jitihada ambazo jamii imeshazianzisha, kisha serikali inaongezea nguvu. Haya ni mabadiliko ya kweli, na tunayaunga mkono. Lakini hapo ndipo maboma, yaani majengo ya wananchi ambayo hayajaisha, yanapokwama. Wananchi wanachangia mawe, mchanga na nguvukazi hadi usawa wa lenta, juu ya milango na madirisha, halafu mhandisi anakuja na futi yake na kukuta darasa ni dogo kuliko ramani ya jengo ya serikali. Chukueni ramani hiyo ya jengo na makadirio ya vifaa wilayani kabla ya kuchimba msingi, na mpate kwa maandishi nani atanunua mabati.

Mpango upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, si halmashauri ya kijiji peke yake. Muhtasari utaje vipaumbele kwa namba. Nakala moja ibaki kwa mtendaji, nyingine ibandikwe ubaoni. Kipaumbele cha kwanza kikirudi kutoka wilayani kimekuwa cha tano, diwani aulizwe sababu mbele ya mkutano, nakala ile ikiwa mkononi.