Keaton au Chan: nani wa kutazama?

Katika vibanda vya video Kampala, Jackie Chan hahitaji kutambulishwa. Buster Keaton, mchekeshaji Mmarekani wa filamu bubu aliyemvutia Chan, wachache wanamjua. Katika filamu yake ya mwaka 1928, ukuta mzima wa nyumba ulimwangukia Keaton, naye akapona kwa kuwa alisimama palipoangukia tundu la dirisha. Chan aliurudia mchezo huo mwaka 1987, katika Project A Part II. Kwa ujasiri namweka Keaton mbele, maana hata hatabasamu. Mapigano? Chan, bila ubishi. Kwa gharama, The General, filamu ya Keaton ya 1926, iko mtandaoni bure, ununue bando tu. Tena filamu bubu humwachia VJ, yule anayetafsiri na kusimulia filamu ukumbini, uwanja wote wa kupiga domo! Vijana wakijaa ukumbini, weka Chan. Ukiwa na watoto wadogo nyumbani, Keaton.