Tovuti ya Bunge la Illinois: kumpima Kwame Raoul kwa kura zake

Anayetaka kumpima mwanasiasa wa Marekani kwa kazi aliyoifanya, wala si kwa hotuba zake za kampeni, ana chombo cha bure ambacho wengi wetu hatukijui, nacho ni tovuti ya Bunge la Jimbo la Illinois. Nimeitumia kufuatilia safari ya kisiasa ya Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti aliyezaliwa Chicago mwaka 1964, ambaye Novemba 2004 aliteuliwa kujaza kiti cha useneta wa jimbo, eneo la 13, kilichoachwa wazi na Barack Obama. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki habari za kiti hicho kwa kawaida huishia kwa Obama, na hilo linasikitisha, kwa sababu aliyemrithi alikikalia kwa zaidi ya miaka 14, karibu mara mbili ya muda wa mtangulizi wake, na alikitumia kutunga sheria zilizogusa uhai wa watu.

Huduma yenyewe haihitaji kujisajili wala kulipia. Unatafuta muswada kwa namba yake au kwa jina la mbunge, na ukurasa unaofunguka unakuonyesha muhtasari, majina ya wadhamini (wabunge wanaousimamia muswada), orodha ya hatua zote kwa tarehe, matoleo mbalimbali ya maandishi ya muswada, na matokeo ya kura. Karatasi ya kura ndiyo iliyonivutia kuliko vyote: majina ya ukoo ya maseneta 59 yamepangwa kwa safu, na kando ya kila jina kuna herufi moja tu inayosema alikubali, alikataa, au alisema yupo bila kuchagua upande. Kumbukumbu rasmi za mijadala, ambazo sisi tumezoea kuziita Hansard, nazo zimehifadhiwa humo humo, siku kwa siku.

Ningemshauri mgeni aanze na muswada namba 3539 wa Seneti, uliofuta adhabu ya kifo Illinois, ambao Raoul aliubeba upande wa Seneti na Karen Yarbrough akaubeba katika Baraza la Wawakilishi. Usuli wake ni wa kutisha. Tangu jimbo hilo lirejeshe adhabu ya kifo mwaka 1977, watu 12 walikuwa wameuawa kwa sindano ya sumu, huku 13 waliokuwa wakisubiri kuuawa wakithibitika kuwa hawakustahili hukumu hiyo, jambo lililomfanya Gavana George Ryan asimamishe utekelezaji wake Januari 2000. Hata hivyo sheria yenyewe ilibaki vitabuni kwa miaka kumi na moja zaidi. Katika Baraza la Wawakilishi, lenye wajumbe 118, muswada ulihitaji kura 60, na baada ya jaribio la kwanza kupungukiwa kura moja ulipata 60 kamili. Seneti ikaupitisha Januari 11, 2011 kwa kura 32 dhidi ya 25, na Gavana Pat Quinn akautia saini Machi 9. Ukiwa na karatasi hizo mbele yako unaelewa jinsi kazi ya mdhamini wa muswada ilivyo ya kumfuata mwenzake mmoja mmoja, kwa kuwa mjumbe mmoja tu angebadili msimamo katika Baraza la Wawakilishi, kazi yote ingeharibika.

Herufi ya "nipo" inahitaji uangalifu. Katiba ya Illinois inadai wingi wa wajumbe wote waliochaguliwa, si wa waliopiga kura tu, kwa hiyo seneta anayesema "nipo" hausaidii muswada ufikie kura 30 zinazohitajika, na matokeo yake yanakaribiana sana na kukataa. Obama aliandamwa kwa jambo hili katika kampeni ya mwaka 2008, kwa kuwa alikuwa amepiga kura za namna hiyo karibu mara 130 kati ya maelfu. Tovuti inakupa herufi lakini haikupi sababu, na anayetaka kutoa hukumu ya haki hana budi kufungua Hansard ya siku hiyo na kuisoma kwa subira.

Jambo jingine linaloweza kumpoteza msomaji ni desturi ya bunge hilo ya kuwasilisha miswada mitupu, yenye marekebisho ya maneno machache tu, kisha baadaye maudhui yote yanaondolewa na kuwekwa mapya kwa njia ya marekebisho. Usisome muhtasari wa mwanzo ukadhani umeujua muswada. Teremka hadi kwenye marekebisho ya mwisho, ndipo urudi juu.

Kumbukumbu zimepangwa kwa muswada, si kwa maisha ya mbunge, na kwa hiyo picha kamili ya Raoul inabidi uijenge mwenyewe. Utamkuta kama mdhamini mkuu katika Seneti wa sheria ya mwaka 2015 iliyoweka kanuni za kamera wanazovaa polisi. Lakini kazi yake ya mwaka 2013, alipoongoza kamati ya wajumbe kumi kutoka mabaraza yote mawili iliyotafuta suluhu ya madeni ya pensheni, hutaiona kwa kutafuta miswada aliyoidhamini peke yake. Na sheria ya pensheni iliyopitishwa mwaka huo ilibatilishwa na Mahakama ya Juu ya Illinois Mei 2015. Hukumu hiyo huna budi kuisoma kwenye kumbukumbu za mahakama.

Sehemu ninayoitamani sana kwetu ni ile inayomruhusu mwananchi kujaza fomu ya mtandaoni kabla kamati haijakutana, akaeleza kama anaunga mkono muswada, anaupinga, au hana msimamo, na kama atatoa ushahidi wa mdomo, wa maandishi, au anataka tu jina lake liingie kwenye kumbukumbu. Kifungu cha 118 cha Katiba ya Kenya kinalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi zake, na fomu fupi ya aina hii ingelisaidia sana kutimiza wajibu huo, hasa kwa mtu aliye Turkana au Kwale ambaye hawezi kusafiri hadi Nairobi kwa ajili ya kikao cha saa moja.

Huduma yote iko kwa Kiingereza cha kisheria, kwa hiyo tenga muda wa kutosha. Na kwa Raoul, kumbukumbu zake za useneta zinakoma Januari 2019, alipoapishwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois baada ya kumshinda Erika Harold katika uchaguzi wa 2018. Kuanzia hapo kazi yake haipimwi tena kwa herufi kando ya jina, bali kwa mashauri anayoyafungua mahakamani.