Mabasi ya London kwa mgeni: nauli nafuu, mwendo wa kinyonga

Aliyezoea kumpa konda noti na kudai chenji yake atashangaa kidogo London. Ndani ya basi hakuna konda, na dereva hapokei fedha taslimu tangu Julai 2014. Ukipanda na noti mkononi utaambiwa ushuke. Wageni wengi wakisikia hivyo hukimbilia treni za chini ya ardhi, wakalipa zaidi hata kwa safari ambazo basi lingewafikisha vizuri tu. Kwa maoni yetu, malipo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika mabasi haya. Kazi ipo kituoni, kabla basi halijafika.

Tumalize malipo kwanza. Nauli ilipandishwa Machi 2023 kutoka pauni 1.65 hadi 1.75, na hesabu zote hapa zinafuata bei hiyo. Ni bei moja, uende vituo viwili au uvuke nusu ya jiji, iwe saa za msongamano au usiku wa manane. Hata mabasi ya Superloop, yanayoruka vituo vingi na kuzunguka maeneo ya pembeni, hutoza hivyo hivyo. Treni hazina huruma hiyo: bei yake hubadilika kwa kanda na kwa saa.

Unalipa kwa kugusisha kadi ya Oyster (kadi ya usafiri ya London unayoijaza salio), kadi ya benki au simu kwenye mashine ya njano iliyo karibu na dereva. Subiri mlio na taa ya kijani. Ukishuka hugusi tena. Wanaotoka kwenye treni, ambako lazima uguse kuingia na kutoka, husahau hili na kuanza kutafuta mashine mlangoni huku wenzao wakisubiri nyuma yao.

Faida kubwa imejificha kwenye utaratibu uitwao Hopper. Ukigusa mara ya kwanza, una saa nzima ya kupanda mabasi mengine bila kukatwa tena. Mfano: umegusa saa 4:00 asubuhi, umekatwa 1.75. Ukipanda la pili saa 4:35 ni bure, na la tatu saa 4:58 ni bure vilevile. Kinachohesabiwa ni muda wa kupanda, si wa kushuka, kwa hiyo hilo la tatu linaweza kukuweka njiani hadi saa 5:40 bila kukudai kitu. Ukilikosa ukapanda saa 5:05, nauli mpya inaanza. Kwa siku nzima hukatwi zaidi ya pauni 5.25, yaani nauli tatu, na siku huhesabiwa kuanzia saa 10:30 alfajiri. Kwa juma, Jumatatu hadi Jumapili, kikomo ni pauni 24.70. Hakuna fomu ya kujaza wala tiketi ya kununua mapema. Mfumo unapiga hesabu wenyewe.

Unapiga hesabu, lakini kwa kadi moja tu, na hapa ndipo pesa za wageni hupotelea. Kadi ya plastiki na kadi ileile iliyowekwa kwenye simu ni vitu viwili mbele ya mashine, kwa kuwa namba zake si moja. Simu na saa ya mkononi, vivyo hivyo. Asubuhi ukitumia kadi na mchana simu, Hopper inakatika na kikomo cha siku kinaanza upya upande wa pili. Kosa la aina hiyohiyo ni kugusisha pochi nzima: ndani mna Oyster, kadi ya benki ya London na ile ya nyumbani, mashine inachukua yoyote iliyowahi au inagoma kabisa. Toa kadi unayoitaka. Na kila abiria aliye mtu mzima awe na yake. Mume na mke hawagusi kadi moja mara mbili.

Kadi ya Visa au Mastercard ya benki ya Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida hukubaliwa, ilimradi ina alama ya mawimbi manne. Makato ya siku hukusanywa na kupelekwa benki kwa pamoja, lakini benki yako inaweza kuongeza ada yake ya kubadilisha fedha. Kwa mtu anayekaa miezi, Oyster au akaunti ya benki ya hapo ni nafuu. Oyster hununuliwa kwenye mashine za vituo vya treni na kwenye maduka madogo yenye nembo yake, na hukohuko ndiko unakojaza salio. Salio likiwa limebaki kidogo lisilotosha nauli, mfumo unakuruhusu safari moja zaidi ya basi, kisha deni hukatwa ukijaza. Si zawadi ya kila siku.

Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi basi. Wa miaka 11 hadi 15 nao husafiri bure, ila kwa kadi ya Zip yenye picha, inayoombwa mtandaoni na kulipiwa ada ya maombi. Iombeni mapema, kabla shule hazijafunguliwa.

Sasa kituoni. Makutano makubwa kama Stratford au Elephant and Castle yana vituo vingi vinavyopewa herufi, A, B, C na kuendelea, na herufi hiyo imeandikwa juu ya nguzo. Kujua namba ya basi hakutoshi. Basi namba 25 linakwenda Ilford upande mmoja na katikati ya jiji upande mwingine, na vituo vyake viwili vinaweza kutazamana ng'ambo ya barabara. Magari hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki hatapotezwa na hilo. Atapotezwa na kutosoma kibao. Chini ya jina la kituo tafuta neno "Towards", ndilo linalosema basi linaelekea wapi. Programu ya simu ya TfL Go, ya TfL, yaani mamlaka ya usafiri ya London, ni ya bure na huonyesha herufi ya kituo pamoja na dakika zilizobaki. Citymapper pia ni nzuri, hasa kwa kulinganisha basi na treni.

Basi likikaribia, nyoosha mkono. Kusimama tu kituoni na macho ya matumaini hakutoshi, hasa pale panapopita namba nyingi. Panda mlango wa mbele, shuka wa katikati. Yale mabasi mapya ya ghorofa yenye milango mitatu, yaliyoanza 2012, yaliruhusu watu kupanda kwa mlango wowote, ikawa sherehe ya wakwepa nauli. Tangu 2020 nayo hupandiwa mbele. Kushuka, bonyeza kitufe chekundu mara moja kabla ya kituo chako. Taa ya "Stopping" ikiwaka, inatosha. Hakuna "shusha hapo mbele." Dereva hasimami katikati ya vituo hata mvua inyeshe vipi.

Sauti hutangaza kila kituo na skrini huonyesha jina lake, jambo linalomfanya mgeni ajiamini haraka. Sikiliza pia tangazo kwamba mwisho wa safari umebadilika. Basi lililochelewa sana hukatishwa njiani ili ratiba irudi sawa, na wote mnashushwa mpande linalofuata lenye namba ileile. Ukiwa ndani ya saa yako ya Hopper hulipi. Kukatishwa njiani ndiyo kero yetu kubwa, pamoja na foleni: barabara za katikati ya jiji zikijaa, anayetembea kwa miguu hulipita basi. Mwenye miadi ya hospitali au ndege apande treni.

Mkaguzi akiingia, mpe kadi au simu ileile uliyogusisha. Simu iliyoisha chaji si utetezi. Faini tangu Machi 2024 ni pauni 100, au 50 ukilipa ndani ya siku 21.

Kigari cha mtoto hukaa nafasi ya katikati, lakini mwenye kiti cha magurudumu ana haki ya kwanza, akipanda, unakunja. Juu ghorofani hairuhusiwi kusimama.

Usiku baadhi ya mabasi huongezewa herufi N, na usidhani N ni basi lilelile la mchana. Namba 38 hutoka Victoria ikaishia Clapton Pond. N38 hupita hapo ikaendelea hadi Walthamstow. Nyingine hutofautiana zaidi, hivyo soma orodha ya vituo kituoni.

Kwa nauli na urahisi wa kulipa tunayapa 9 kati ya 10. Kwa kutunza muda, 5. Ukisahau mzigo, ripoti kwenye tovuti ya TfL ukitaja namba ya basi, saa na kituo ulichoshukia. Mabasi yanaendeshwa na kampuni tofauti kwa mkataba, kila moja na gereji zake, na bila taarifa hizo hakuna wa kujua mkoba wako uanze kutafutwa wapi.