Gitaa la Besi la Mtindo wa Zamani: Ununue Lipi Kwanza?

Kama fedha yako inatosha gitaa moja tu, nunua la umbo la Precision, besi ya kampuni ya Fender. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alilitoa California mwaka 1951, wakati wapiga besi wengi bado walibeba besi kubwa la mbao la kusimama, ambalo sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta. Mwaka 1957 likapewa sumaku ya kunasa sauti iliyogawanywa vipande viwili, na hadi leo muundo ni huohuo. James Jamerson, mpiga besi wa rekodi za Motown, kampuni ya muziki kule Detroit, alitumia la mwaka 1962, akilicharaza kwa kidole kimoja cha shahada.

Squier Classic Vibe 60s, ya chapa ya bei nafuu ya Fender, inakupa muundo huo kwa bei iliyo chini sana ya Fender ya Marekani. Ila tenga fedha ya nyuzi zenye waya bapa, kama alizotumia Jamerson. Hizo ndizo zinazotoa sauti nene, fupi, isiyo na mlio wa chuma. Kwangu, gitaa la bei ya kati lenye nyuzi hizi linalishinda la ghali lenye nyuzi za kukwaruza.

La pili ni Jazz Bass, la mwaka 1960. Lina sumaku mbili, na shingo yake ni nyembamba upande wa juu, kwa hiyo mwenye vidole vifupi huenda akalipenda kuliko lile la kwanza. Sauti yake husikika wazi zaidi bendi inapojaa magitaa.

La tatu ni Höfner 500/1 ya Ujerumani, lenye umbo la fidla, ambalo Paul McCartney wa Beatles alinunua Hamburg mwaka 1961. Ni jepesi, tupu ndani, na nyuzi zake ni fupi: inchi 30, si 34 za Fender. Toleo la bei nafuu linaitwa Ignition. Lakini ukiongeza sauti ya spika jukwaani, huanza kuvuma.

Rickenbacker 4003, besi ya kampuni nyingine ya Marekani, naiweka mwisho kwa sababu ya bei tu. Kampuni haina toleo la bei rahisi.

Ukinunua lililotumika, tazama shingo kwa urefu wake kama imepinda, bonyeza kila uzi kwenye kila kituo (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) ukisikiliza mkwaruzo, kisha zungusha vitufe vyote likiwa limechomekwa kwenye amplifaya. Shingo iliyojisokota liache, hata ukipunguziwa bei.