Choo cha vitufe viwili: kagua mpira kabla ya kusifu kitufe

Kwenye ukarabati wa nyumba, choo ndicho kifaa kinachopunguza bili ya maji haraka kuliko vingi. Hiki cha vitufe viwili kilibuniwa na kampuni ya Caroma, Australia, mwaka 1980, kikitumia lita 11 na 5.5. Vingi vya leo ni lita 6 kwa haja kubwa na 3 kwa ndogo. Mtu anayeenda chooni mara 5 kwa siku, kubwa ikiwa mara 1, anamaliza lita 18. Choo cha zamani cha lita 9 kingemeza 45. Kwa watu 4, zinabaki lita 108 kila siku.

Sasa ubovu wake. Maji ya tangi yamezuiwa na mpira mmoja tu chini ya vali. Ukishikwa na mchanga au chokaa, maji huchirizika bakulini kimyakimya, na mvujo wa mililita 75 kwa dakika unatosha kula zile lita 108 zote. Tia rangi ya chakula kwenye tangi, kaa nusu saa bila kuvuta maji. Bakuli likibadilika rangi, funga koki, mwaga maji ya tangi, chomoa vali (nyingi hutoka kwa kuzungusha kidogo tu) na ufute mpira pamoja na ukingo ambao mpira huo hukalia. Mpira ukiwa umekakamaa, weka mpya. Vile vidonge vya klorini vya kutumbukiza kwenye tangi ndivyo vinavyoumaliza mapema.

Lita 3 pia hazisukumi mbali. Bomba la mlalo la milimita 100 lipewe mteremko wa milimita 25 kwa kila mita. Likiwa bapa, karatasi hubaki njiani na lawama huangukia choo.

Kipimo cha kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la maji taka, mara nyingi milimita 305, kichukuliwe kwenye uso wa kigae. Fundi akipima ukuta mtupu, kigae na gundi yake vitakula milimita 15 hivi na tangi halitaingia.

Wageni watabonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja, hilo halina dawa. Ila muuzaji asiyekuwa na mpira wa akiba wa modeli hiyohiyo, mwachie choo chake.