Kidato cha kwanza: bweni au kutwa?
Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anafanya mtihani wa darasa la saba Septemba. Januari yuko sekondari, na karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Hapo ndipo wazazi wa Ngamiani, hapa Tanga, tunapobishana.

Bweni lina saa za kujisomea usiku, na hakuna kugombea daladala. Ila kilio cha wiki ya kwanza anakilia peke yake, ndani ya chandarua.

Wa kutwa anarudi soksi zimejaa vumbi. Mwekee chai na maandazi, usimuulize kitu, atasema mwenyewe: “Mama, leo baiolojia sikuambulia neno.” Kwangu hilo lina uzito kuliko ratiba yoyote.

Hata hivyo, mtoto wangu wa pili, msemaji kuliko redio, nilimpeleka bweni. Tranka tulifunga vizuri, ndoo tukaisahau.