Tathmini ya huduma: kodi ya jengo kupitia LUKU kwa nyumba mpya

Tangu mwaka 2021, Tanzania Bara imekuwa ikikusanya kodi ya majengo kupitia LUKU, yaani mita za umeme wa kulipia kabla, na viwango vilivyoanza Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu ya ghorofa katika majiji, manispaa na miji. Nimeitumia huduma hii tangu nyumba yetu ya vyumba vitatu, pembezoni mwa Dar es Salaam, ilipounganishiwa umeme, na ninaitathmini kwa macho ya mtu aliyetoka kujenga, ambaye anataka kulipa kinachostahili na kuelewa kilivyopatikana.

Kwa upande wa ulipaji, ni vigumu kupata huduma ya serikali iliyo nyepesi kuliko hii. Ununuzi wa kwanza wa umeme katika mwezi hukatwa kodi, na asiyenunua miezi kadhaa hukuta deni limejikusanya na kukatwa atakaponunua tena. Hakuna foleni, hakuna kufuatilia ankara, na hakuna mtu anayegonga geti kuuliza risiti ya mwaka juzi. Kwa nyumba mpya faida hiyo ni kubwa zaidi. Chini ya utaratibu wa zamani wa kutoza kwa thamani, jengo halikulipiwa mpaka liingizwe kwenye daftari la uthamini, na daftari hizo zilikuwa zikichelewa mno kulinganisha na kasi ya ujenzi katika maeneo kama Goba, Madale, Kivule na Chamazi, kiasi kwamba waliojenga zamani katikati ya mji walibeba mzigo huku mitaa mizima iliyochipuka karibuni ikiwa haijulikani. Sasa mita yenyewe ndiyo inayolitambulisha jengo.

Tatizo langu liko kwenye thamani. Sheria ya kodi ya majengo ya mamlaka za miji ya mwaka 1983, ambayo leo ni Sura ya 289, ilijengwa juu ya uthamini: jengo litozwe kwa thamani yake ya soko, na pale ambapo thamani hiyo haipatikani, kwa gharama ya kulijenga upya baada ya kuondoa uchakavu. Ardhi haimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais na ina kodi yake ya pango. Mthamini anayefuata njia ya gharama hupima ukubwa wa jengo, akaangalia msingi, kuta, aina ya paa, dari, sakafu, madirisha na uzio, kisha akakadiria gharama ya kila mita ya mraba kwa ubora ule aliouona. Nyumba mpya haina uchakavu wa kupunguziwa, hivyo thamani yake huwa karibu sawa na fedha zilizotumika kuijenga. Ni kazi inayohitaji utaalamu, na tangu mwaka 2016 tuna sheria maalumu ya uthamini na usajili wa wathamini. Kazi hiyo haifanyiki kabisa katika huduma ninayoitathmini.

Matokeo yake yanaonekana kwa hesabu ndogo. Nyumba ya chini, yaani isiyo ya ghorofa, iliyogharimu shilingi milioni 30 na nyingine ya chini iliyogharimu milioni 300 zote hulipa shilingi 18,000 kwa mwaka. Tuseme kiwango kingekuwa asilimia 0.15 ya thamani: ya kwanza ingelipa 45,000 na ya pili 450,000. Sisemi kwamba asilimia hiyo ndiyo sahihi, na ni kweli kwamba mwenye nyumba ndogo amepata nafuu kwa kiwango cha sasa, lakini nafuu kubwa kupita kiasi imekwenda kwa mwenye jumba, na halmashauri inayotakiwa kuchonga barabara ya mtaa wao imeikosa fedha hiyo. Idadi ya sakafu nayo ni kipimo dhaifu cha thamani. Familia iliyopandisha ghorofa kwa sababu kiwanja ni chembamba hulipa mara kadhaa zaidi ya jirani aliyetandaza vyumba sita chini, kwa vigae na dari ya jipsamu.

Kuna jambo jingine linalowagusa wajenzi wetu wengi. Sisi hujenga kwa awamu: tunaezeka, tunapiga lipu vyumba viwili, tunahamia, na sebule inabaki pagale kwa miaka. Mthamini angeliona hilo na kukadiria kile kilichopo. Mita haioni. Siku umeme unapowaka, nyumba isiyo na dari wala sakafu huhesabika sawa na iliyokamilika.

Ningependa kuona huduma ibaki kwenye LUKU, kwa sababu sehemu hiyo inafanya kazi vizuri, ila kiwango kipangwe kwa madaraja ya ukubwa na ubora wa jengo. Takwimu za kuanzia hazihitaji kutafutwa mbali. Kila ombi la kibali cha ujenzi huambatana na michoro inayoonyesha ukubwa wa nyumba, na mthamini wa halmashauri anaweza kuthibitisha umaliziaji kwa kutembelea sampuli ya nyumba za mtaa badala ya kila mlango.

Kwa anayehamia nyumba mpya sasa hivi, akague mambo mawili mapema. Kama ana mita zaidi ya moja katika jengo moja, kwa mfano ya nyumba kubwa na ya vyumba vya uani, aombe ofisi inayosimamia kodi hiyo iweke kodi kwenye mita moja tu, maana makato mawili kwa jengo moja hayatajirekebisha yenyewe. La pili ni msamaha. Mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60 na anayeishi humo ana haki ya kusamehewa kodi kwa nyumba hiyo moja, lakini mita haijui umri wa mtu. Ni lazima aombe, akiwa na kitambulisho, namba ya mita na uthibitisho wa serikali ya mtaa, na mtoto aliyemjengea mzazi wake afadhali amfanyie hilo wiki ileile umeme unapounganishwa.